Mtoto ana homa, mRDT haijaonyesha kitu: kinachofuata

Vipimo vya haraka vya malaria (mRDT) vilipoanza kutumika kwenye vituo vya afya vya Dar es Salaam, watafiti walifuatilia nini kinabadilika kwenye maandishi ya daktari. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Wagonjwa wa homa walioandikiwa dawa ya malaria walishuka kutoka 75% hadi 20%, na hilo ndilo lililosifiwa. Lakini kwenye vyeti vilevile kulikuwa na hesabu nyingine: walioandikiwa antibiotiki walipanda kutoka 49% hadi 72%. Yaani mseto, dawa ya malaria, ulitoka mlangoni, na amoksilini, antibiotiki, ikaingia dirishani.

Anayefanya kazi kwenye zahanati ya Mbagala au Tandale hashangai. Mama amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, mtoto anachemka, kipimo kimetoka hakina kitu, na foleni nje haijapungua. Kuandika dawa ni jambo la mara moja. Kutafuta homa imetoka wapi ni kazi, na kumweleza mzazi kwa nini anarudi nyumbani bila antibiotiki ni kazi kubwa zaidi. Tuliyojifunza kwenye vituo vya jiji hili karibu yote yako kwenye hicho kipande cha katikati, kati ya jibu la maabara na dirisha la dawa.

Tuanze na jibu lenyewe, kwa sababu mara nyingi daktari haliamini, na wakati mwingine ana haki.

mRDT inaonekana kazi ya kitoto. Tone la damu, matone ya bufa (kimiminika kinachosukuma damu kwenye karatasi ya kipimo), subiri mstari. Makosa yamejificha humohumo. Pakiti ifunguliwe mgonjwa akiwa ameshakaa kwenye kiti, kwa sababu unyevu wa Dar unaharibu karatasi ya ndani upesi. Kwenye pakiti kuna kifuko cha kufyonza unyevu, na kama ni cha aina inayobadilika rangi na kimeshabadilika, hicho kipimo kitupe. Andika namba ya mgonjwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya plastiki kabla ya kutoboa kidole. Siku yenye watu wengi utakuta vipimo kumi vimepangwa mezani kwa mstari, vyote vyeupe na vyote vinafanana, na kuvitofautisha kwa kukumbuka nani alikaa wapi ni kubahatisha.

Toboa kidole cha pete, pembeni kidogo, mkono ambao mtu hautumii sana. Kwa mtoto mchanga ni kisigino. Spiriti ikauke kwanza: ukitoboa ngozi ingali na maji ya spiriti, chembe za damu zinapasuka na tone linatandaa badala ya kukaa duara. Usikamue kidole, maana unachotoa ni damu iliyochanganyika na majimaji ya nyama. Damu inayohitajika ni mikrolita 5, na kile kifyonzeo kidogo kilichomo kwenye boksi kimepimwa kwa kiasi hicho. Damu ikizidi, dirisha la kusomea linabaki jekundu na mstari hafifu hauonekani. Ikipungua, wadudu wachache hawafiki.

Bufa ndiyo inayotuponza zaidi. Aina moja ya kipimo inataka matone 2, nyingine 4, na maboksi yakibadilika bohari ikileta mzigo mpya, mikono inaendelea na idadi ya zamani. Chupa ishikwe wima ili tone liwe kamili. Bufa ikiisha kabla ya vipimo kuisha, pasiwepo mtu wa kuongeza maji ya bomba, maji ya dripu wala bufa ya kipimo cha HIV. Vimiminika visivyo vyake vinaweza kuchora mstari wa malaria kwa mtu asiye na malaria hata kidogo. Halafu muda. Kama karatasi inasema dakika 20, weka saa ya simu. Ukisoma dakika ya 7 utakosa mstari hafifu. Ukienda kunywa chai ukarudi baada ya saa nzima, unaweza kukuta mstari ambao haukuwepo. Na mstari hafifu uliotokea ndani ya muda ni mstari. Hakuna "malaria kidogo" kwenye mRDT.

Vipimo vingi tunavyotumia vinanasa protini ya Plasmodium falciparum inayoitwa HRP2. Protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mdudu kufa. Kwa hiyo mtoto aliyemaliza mseto siku 10 zilizopita akipata mafua na kupimwa tena kwa mRDT, anaweza kuonekana bado ana malaria, na hapo ndipo neno "malaria sugu" linapozaliwa. Huyo anahitaji slaidi, damu iliyowekwa kwenye kioo na kutazamwa kwa darubini. Upande wa pili, kuna wadudu waliopoteza jini (chembe ya urithi) ya kutengeneza HRP2, na hao kipimo hakiwaoni kabisa. Eritrea ilibidi ibadilishe aina ya vipimo mwaka 2016 kwa sababu hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ibadilishe ikiwa zaidi ya 5% ya wagonjwa wa falciparum wanakosewa kwa sababu ya jini hiyo kupotea. Tanzania haijafikia huko, kwa hiyo hiyo isiwe sababu ya daktari wa Temeke kuandika mseto juu ya jibu lisilo na malaria.

Slaidi nayo ina adabu zake. Tone nene halitiwi metanoli, likitiwa chembe nyekundu zinagandamana na huoni kitu. Halikaushwi kwa moto wala kuanikwa juani kwa haraka, feni inatosha. Unene wake ni ule ambao, damu ikiwa bado mbichi, ukiweka slaidi juu ya gazeti unasoma maandishi kwa taabu. Giemsa, rangi ya kupakia slaidi, ya 10% inakaa takriban dakika 10, ya 3% inakaa dakika 45 hadi 60, na ya pili inatoa picha safi zaidi ila nani ana muda huo saa nne asubuhi? Maji ya kuchanganyia yawe ya bufa yenye pH 7.2. Maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za jiji yana chumvi, yanabadilisha rangi: ukiona kila kitu kimeelekea bluu, maji yana alikali, kimeelekea wekundu, yana asidi. Rangi ya zamani isiyochujwa inaacha punje, na punje hizo zimewapa watu wengi "wadudu wawili".

Hapa niseme wazi. Jibu la "wadudu watatu" au "malaria mbili" halina maana ya kitaalamu. Unahesabu wadudu huku ukihesabu chembe nyeupe mpaka 200, halafu unazidisha ukichukulia chembe nyeupe ni 8,000 kwa mikrolita. Wadudu 25 kwenye chembe nyeupe 200 ni wadudu 1,000 kwa mikrolita. Wakiwa wachache unaendelea hadi chembe nyeupe 500. Na kabla hujaandika hakuna wadudu, umepita angalau nyuga 100 kwa lenzi ya mafuta. Anayetoa jibu la slaidi dakika 5 baada ya kutoa damu hajafanya hayo, hesabu yake haiwezekani.

Basi kipimo kimefanywa sawasawa na malaria hakuna. Je, ni salama kumnyima mtoto mseto? Swali hili lilijibiwa hapa hapa. Watafiti waliandikisha watoto 1,000 wa chini ya miaka mitano wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara, ambako malaria ilikuwa nyingi zaidi. Watoto 603 walipimwa wakakutwa hawana, wakaachwa bila dawa ya malaria, wakafuatiliwa. Karibu wote walikuwa wamepona siku ya 7, na hakuna aliyepata malaria kali kwa sababu ya kunyimwa dawa. Hilo lilichapishwa mwaka 2010, lakini bado tunabishana nalo kwenye vikao vya asubuhi.

Na homa hizo zinatoka wapi? Mwaka 2014 likaja jibu, pia kutoka Dar es Salaam na Ifakara. Watoto 1,005 wa chini ya miaka 10 walichunguzwa kwa kila kipimo kilichowezekana. Maambukizi ya njia ya hewa yalikuwa 62.2%, na ndani yake nimonia iliyoonekana kwenye eksirei ilikuwa 5% tu ya maambukizi hayo. Malaria 10.5%. Kuharisha kwa maambukizi ya tumbo 10.3%. Maambukizi ya njia ya mkojo 5.9%. Homa ya matumbo 3.7%. Ukijumlisha, watoto 70.5% walikuwa na ugonjwa wa virusi na 22% tu walikuwa na ugonjwa wa bakteria. Linganisha na zile 72% za wanaoandikiwa antibiotiki.

Tazama namba mbili za mwisho kabisa, mkojo na matumbo, kisha ukumbuke cheti cha kawaida cha maabara ya mtaani: "UTI, typhoid". Vyeti hivi vina mashine yake ya kuvizalisha. Ya kwanza ni Widal, kipimo cha damu cha homa ya matumbo. Widal inatafuta kingamwili, na kingamwili zinakuwepo kwa aliyeugua zamani na kwa aliyekutana na Salmonella nyingine, na hata malaria inaweza kuzipandisha. Kipimo kimoja cha Widal, siku moja, kwa mtu anayeishi jiji lenye ugonjwa huo, hakithibitishi chochote. Kinachothibitisha ni kuotesha damu, yaani kuona kama bakteria wataota humo, na damu hiyo ichukuliwe kabla ya antibiotiki ya kwanza: mililita 1 hadi 3 kwa mtoto mdogo, 8 hadi 10 kwa mtu mzima, baada ya kufuta kizibo cha chupa kwa spiriti na kukiacha kikauke. Hata hivyo, kuotesha nako kunakosa wagonjwa wengi, nusu hivi. Kwa hiyo zahanati isiyo na uwezo huo ifikirie homa ya matumbo kwa mtoto mwenye homa ya siku nyingi mfululizo, tumbo likiuma, na mengine yameondolewa, halafu impe rufaa. Widal iachwe.

Ya pili ni kijiti cha mkojo. Kwenye maabara nyingi utakuta kopo la vijiti liko wazi karibu na sinki. Vijiti vilivyokaa wazi kwenye hewa vinageuza kile kiboksi cha naitraiti, kinachoashiria bakteria, kuwa cha waridi bila bakteria yoyote. Kopo lifungwe kila unapotoa kijiti kimoja, na tarehe ya kulifungua iandikwe juu yake. Mkojo wa kwenye mfuko uliobandikwa kwa mtoto una bakteria wa ngozi. Ukiwa safi unakusaidia kuondoa ugonjwa, ukiwa mchafu hauthibitishi. Osha kwa maji na sabuni, mama amshike mtoto, kinga mkojo wa katikati unapotoka, upime ndani ya saa moja au uweke kwenye jokofu. Na chembe za usaha mbili tatu kwenye darubini siyo UTI, hata kama mgonjwa mwenyewe ameshajiandikia hivyo kabla hajafika.

Linabaki kundi kubwa, njia ya hewa, ambalo kipimo chake hakihitaji umeme wala vitendanishi: kuhesabu pumzi. Ndicho kipimo kinachorukwa kuliko vyote. Mtoto apakatwe na mama, kanga ifunuliwe na fulana ipandishwe mpaka kifua na tumbo vionekane. Akiwa analia, subiri. Akiwa ananyonya, subiri pia, kwa sababu anayenyonya anapumua kwa kukatiza. Kisha hesabu dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, kosa la pumzi 2 linakuwa 8, na 8 inatosha kumgeuza mtoto wa mafua kuwa wa nimonia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni kasi. Wa miezi 12 hadi 59, ni 40 au zaidi. Chini ya miezi 2 ni 60, na huyo habaki zahanati. Homa yenyewe inapandisha pumzi, kwa hiyo mtoto mwenye nyuzi 39.5 na pumzi 44 apewe parasetamoli, akae kivulini nusu saa, ahesabiwe tena. Wakati huohuo angalia mbavu za chini: zikiingia ndani anapovuta hewa, hilo lina uzito kuliko namba.

Kipimo cha oksijeni cha kubana kidole kimeshuka bei na vituo vingi vinacho. Kinadanganywa na vidole vya baridi, na mtoto anayerusha mkono, na rangi ya kucha, na piko. Baada ya harusi au Idi watoto wa kike wana piko hadi kwenye kucha. Bana kidole cha mguu kisicho nayo. Usiandike namba mpaka mapigo yanayoonekana kwenye kioo yalingane na mapigo unayoyahesabu mwenyewe. Chini ya 90% ni oksijeni na rufaa, bila majadiliano.

Hapo katikati, kwa mtoto anayepumua kasi kidogo lakini hana dalili za hatari, ndipo utafiti wa karibuni umesaidia. Kwenye jaribio lililofanyika vituo vya Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2017, watoto 3,192 waligawanywa makundi mawili, wote wakihudumiwa kwa mwongozo ulio kwenye tableti. Kundi moja liliongezewa vipimo vya papo kwa papo, pamoja na CRP, protini inayopanda kwenye damu mwili unapopambana na maambukizi. Mtoto anayepumua kasi ambaye CRP yake haijafika miligramu 80 kwa lita hakupewa antibiotiki. Walioandikiwa antibiotiki siku ya kwanza walikuwa 11.5% kwa kundi hili, 29.7% kwa lile lingine. Ambao hawakupona hadi siku ya 7 walikuwa 2.3% dhidi ya 4.1%. Dawa kidogo, na watoto hawakuwa hoi zaidi. Toleo la baadaye la mwongozo huo lilijaribiwa vituo 40 vya Mbeya na Morogoro: antibiotiki 23.2% palipotumika, 70.1% palipoendelea na kawaida.

Kituo kisicho na tableti wala CRP kinaweza kufuata mantiki hiyo bila vifaa. Anayepumua kasi kweli, baada ya kuhesabiwa mara mbili, apewe amoksilini ya vidonge vya miligramu 250 vinavyoyeyuka: miezi 2 hadi 11, kidonge 1 asubuhi na 1 jioni, mwaka 1 hadi kabla ya miaka 3, vidonge 2 mara mbili, miaka 3 hadi kabla ya 5, vidonge 3 mara mbili, siku 5. Kidonge kiyeyushwe kwenye kijiko cha maji safi au maziwa ya mama. Asiyepumua kasi, mwenye mafua na kikohozi tu, hapewi. Anayeshindwa kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea haamki vizuri, huyo ni wa rufaa hata kama vipimo vyote vimetoka safi.

Halafu kuna yale mazungumzo.

"Daktari, mtoto kachemka usiku kucha, leo unaniambia hana kitu?"

"Mama, sijasema hana kitu. Nimesema hana malaria, na nimehesabu pumzi zake, kifua chake kiko sawa. Ana mafua yanayompa homa."

"Sasa si unipe hata ya maji basi."

Anachoomba ni chupa ya antibiotiki. Inasaidia akiona kazi imefanyika: pumzi zimehesabiwa mbele yake, maskio yametazamwa, uzito umepimwa. Inasaidia zaidi akiondoka na kitu mkononi, na parasetamoli ni kitu. Kipimo ni miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6 ikihitajika. Dawa ya maji ya kawaida ina miligramu 120 kwenye mililita 5, kwa hiyo mtoto wa kilo 10 anahitaji karibu mililita 6. Mpe bomba la sindano lisilo na sindano, vijiko vya chai vya nyumbani havilingani. Diklofenaki na aspirini asipewe. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019, na dawa hizo zinaongeza hatari ya kutoka damu. Kwenye dengue siku mbaya ni pale homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7. Mzazi anadhani mtoto amepona kumbe tumbo linaanza kuuma, anatapika mfululizo, fizi zinatoa damu. Mwambie hivyo kwa maneno hayohayo.

Swali moja halina budi kuulizwa kabla hajatoka: mtoto amesafiri? Malaria ya Dar ni ndogo kuliko ya mikoa mingi, lakini mabasi ya Lindi, Mtwara, Kigoma na Geita yanaingia kila siku, na likizo zikiisha ndipo vipimo vyenye mistari miwili vinapoongezeka. Mdudu anakaa mwilini siku 7 au zaidi kabla ya homa, kwa hiyo uliza wiki kadhaa nyuma. Aliyesafiri na kipimo hakina kitu, arudi kesho yake kupimwa tena kama homa ipo. Asiyesafiri arudi siku ya 3, au mara moja dalili ya hatari ikitokea.

Na aliyetoka Kagera akakutwa na malaria, mpe mseto kama kawaida, ukimweleza mama kuwa dozi ya pili ni baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata, na kila dozi iende na maziwa au chakula chenye mafuta. Huko Karagwe utafiti uliochapishwa mwaka 2024 umethibitisha wadudu wenye badiliko la R561H kwenye jini ya kelch13, ambao artemisinini, dawa ya kwanza iliyomo kwenye mseto, inawaua polepole kuliko zamani. Dawa ya pili iliyomo kwenye mseto bado inawamaliza kwa wagonjwa wengi. Mgonjwa wa namna hiyo apimwe siku ya 3, kwa slaidi, siyo mRDT, na wadudu wakionekana bado andika idadi yao kwa mikrolita, andika na wilaya aliyotoka, umpe taarifa mratibu wa malaria wa wilaya siku hiyohiyo.